Shimo la Mungu, Newala: kwenda pitia Tandahimba, kurudi pitia Masasi

Ukiwa Mtwara ukauliza njia ya kwenda Shimo la Mungu, wengi watakuambia upite Masasi. Lami ya hadi Masasi ipo muda mrefu, mabasi ni mengi, hupotei. Mimi nakushauri Masasi uiweke ya kurudia. Kwenda, pitia Tandahimba. Sababu yake iko kwenye umbo la ardhi yenyewe, na ukilielewa hilo kwanza, mambo mengine ya safari hii yanajipanga.

Kwanza, ujue unakwenda kuona nini

Jina linapoteza watu. Mgeni anasikia "shimo" akawaza tundu lililochimbika katikati ya uwanja, la kuzungukwa na kupigiwa picha. Shimo la Mungu ni ukingo. Ardhi ya Newala inafika mahali inakatika, na chini yako linafunguka bonde la Mto Ruvuma, pana na lenye ukungu wa mbali, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Unachokuwa umesimama juu yake ni Uwanda wa Makonde, bonge la ardhi lililolala kati ya mito miwili: Lukuledi kaskazini, unaomwaga maji yake kwenye ghuba ya Lindi, na Ruvuma kusini, mto wa karibu kilometa 800 unaochora mpaka wetu na Msumbiji. Upande wa mashariki, karibu na bahari, uwanda uko chini kabisa. Kadiri unavyokwenda magharibi unainuka polepole, hadi kwenye kingo za magharibi zinazokaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari. Halafu unakatika ghafla.

Kwa hiyo ukitokea Mtwara unapanda bila kujua kwamba unapanda. Ni kama kilometa 140 hadi Newala, na mwinuko wake, ukiugawa, hauzidi mita 5 au 6 kwa kila kilometa moja. Gari halilii, masikio hayazibi. Unaona mikorosho, vijiji, mikorosho tena, unaanza kusema huku ni tambarare tu. Ndipo unafika mwisho wa mji wa Newala na miguu inakataa kwenda mbele. Aliyepanda kutokea Masasi hapati mshtuko huo, maana ukuta aliuona toka mbali na gari limemhemea kwenye kona. Akifika juu anajua fika kwamba yuko juu.

Maji, au kwa nini watu walikaa juu pasipo mto

Hapa nakawia kidogo, kwa sababu bila hili utaona mandhari tu.

Uwanda wote ni mawe ya mchanga na udongo wa kichanga mwekundu. Mvua ikinyesha inazama. Haikai juu ikafanya mto wala ziwa. Inapenya hadi chini, kisha inatokea pembeni, miguuni mwa uwanda, kama chemchemi. Ndiyo maana utasafiri siku nzima huko juu usivuke daraja la maana, ilhali mabonde ya pembeni yana maji mwaka mzima. Maji hayo hayo yanayotokea chini ndiyo yanayokula kingo kidogo kidogo na kuzifanya ziwe wima.

Karl Weule, Mjerumani aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906 akiandika habari za wenyeji, alishangazwa na jambo hili: Wamakonde wamejenga juu, maji yako chini. Lakini vichaka vya huku, vile vilivyofungamana mpaka mkono hauingii, vilikuwa ngome. Karne ya kumi na tisa ilikuwa ya watekaji watumwa na ya uvamizi wa Wangoni. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, na wamisionari waliokuwa pale wakahamia Newala. Ukitaka usalama unapanda, na gharama yake unailipa kwa miguu, unashuka bondeni na mtungi na kupanda nao kichwani. Waliolipa zaidi ni akina mama.

Miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji kwa pampu kutoka chemchemi za bondeni kupeleka juu. Mpaka leo maji yanapandishwa kwa mtambo, na umeme ukisumbua au pampu ikiharibika, ndoo huonekana barabarani. Kwa mgeni maana yake ni hii: ukiwa nyumba ya wageni ukakuta pipa limejaa bafuni, usilichezee. Oga kwa kopo kama wenzako.

Chagua mwezi

Huku kusini mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na mara nyingine Mei inapata yake. Ndani ya miezi hiyo bonde ni kijani la kupendeza, lakini barabara ya udongo inakuwa sabuni. Kama unatokea Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, fuatilia taarifa kabla hujaondoka. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara hiyo maeneo ya Somanga na watu wakakwama siku kadhaa wakila walichonacho.

Juni hadi Agosti ni kavu na kuna baridi. Usicheke. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1000 unazopanda, na juu ya hapo upepo wa kusi unapiga ukingo bila kizuizi. Mtu wa Mtwara mjini anayelala na feni atatafuta blanketi Newala. Miezi hiyo mikorosho inachanua, na asubuhi na mapema utasikia mashine za kupulizia zikinguruma mashambani: wakulima wanapiga salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Harufu yake inaingia garini. Mwenye pumu abebe dawa yake na afunge kioo.

Septemba hadi katikati ya Oktoba ndio wakati ninaoupenda mimi. Baridi imelegea, barabara kavu, anga imetulia. Baada ya hapo msimu wa korosho unakolea: malori, minada ya vyama vya ushirika, wanunuzi na mawakala wamejaza nyumba za kulala wageni, na bei ya bodaboda inapanda bila maelezo. Ukienda wakati huo, chumba kipigie simu mapema.

Kupanda: Mtwara hadi Newala

Magari yanaondokea stendi ya Mkanaledi. Yapo mabasi, Coaster na magari madogo. Dogo hujaa haraka na hukimbia; Coaster husimama kila penye mkono ulioinuliwa. Mimi huchukua Coaster ya asubuhi, kwa sababu safari hii ni ya kuangalia. Muulize kondakta nauli kabla mzigo wako haujapanda juu, maana mzigo ukishapanda mazungumzo hubadilika.

Utapita Naliendele, penye kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mbegu na tiba nyingi za korosho nchini zimetoka hapo. Kilometa 50 za kwanza, hadi Mnivata, ni lami. Kutoka hapo kuna mradi mkubwa wa lami wa kilometa 160, Mnivata hadi Newala hadi Masasi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Popote ujenzi utakapokuwa umefika siku unayosafiri, tegemea mambo matatu: vumbi, diversheni, na kusubiri mtu mwenye bendera nyekundu aamue.

Kwa gari lako mwenyewe: jaza mafuta Mtwara, ongeza Tandahimba au Newala. Wakati wa kiangazi gari dogo linafika, ila angalia mchanga kwenye michepuko; ukiingia mchanga mlaini usikanyage breki wala usikate usukani kwa ghafla, enda na gia nzito mpaka utoke. Wakati wa masika chukua gari la juu au panda basi, dereva wake ameizoea njia. Usiku usiende. Kuna baiskeli zisizo na taa, mbuzi, na malori yaliyoharibika yanayowekewa majani barabarani badala ya pembetatu.

Tandahimba shuka unyooshe miguu. Tafuta ming'oko. Ni viazi pori vyembamba, vimechimbwa porini na kuchemshwa, unamenya ganda kwa kucha na kula kwa chumvi na pilipili. Ladha yake iko baina ya kiazi kikuu na chestnati, kama umewahi kuila. Kama hujawahi, ni ya ming'oko. Vinauzwa kwa fungu. Menya kwanza, kuna ganda gumu lenye nyuzi, na mgeni hujulikana hapo.

Ukingoni

Ukishuka Newala, mtu yeyote atakuelekeza. Bodaboda atakupeleka; sema kabisa kama unataka akusubiri, na mlipe ukirudi.

Nilipokwenda mara ya kwanza ilikuwa Julai na nilijifanya mjanja. Nikaamka mapema ili nione jua likichomoza, nikafika saa moja kasoro asubuhi. Mbele yangu ilikuwa nyeupe tu. Si bonde, si mto, si Msumbiji. Kama mtu ametundika shuka. Kulikuwa na mama mmoja anapita na kuni kichwani. Nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani, Shimo la Mungu liko wapi?"

Akasimama akanitazama kuanzia viatu. "Ndilo hilo lililo mbele yako. Usisogee."

Nikakaa chini. Ukungu ulianza kuchanika karibu saa tatu, kwanza nikaona kilele cha mti chini ya miguu yangu, mahali nilipodhani ni uwanja. Kisha mti mwingine chini ya huo. Lilipofunguka lote nilijikuta narudi nyuma kwa makalio.

Kwa hiyo: katika miezi ya baridi usiwahi. Nenda kuanzia saa nne asubuhi kama unataka kuona mbali, au saa kumi jioni kama unataka picha. Saa hiyo jua limeinama, kila mkunjo wa ardhi unatupa kivuli, na bonde linapata kina ambacho mchana halina. Saa sita mchana kila kitu kinalala bapa, na joto la bondeni hufanya hewa itetemeke.

Jiwe la ukingo ni la mchanga. Linamong'onyoka, na baada ya mvua linaachia vipande. Usiende kwenye ncha ili upigwe picha umeachia mikono. Watoto washikwe. Na usirushe mawe chini, kuna watu wanalima huko.

Shimo la Mungu si hifadhi ya taifa, usitegemee askari wa wanyamapori wala mwongozaji mwenye sare. Mzee wa pale pale ndiye mwongozaji bora. Kila mzee ana hadithi yake ya jina hilo, na hazilingani, zisikilize zote.

Kushuka bondeni kwa miguu

Wenye nguvu hutaka kushuka. Inawezekana, njia za wakulima zipo, lakini hesabu yake iko kinyume na mlima wa kawaida: raha inaanza, taabu inamalizia. Utashuka ukiimba na kupanda saa za jua kali, ukitokea kwenye joto kubwa kuliko la juu. Anza alfajiri, mara ukungu ukiruhusu kuona mguu wako. Beba maji lita tatu kwa mtu, usitegemee kijito. Vaa viatu vya kufunika kidole na suruali ndefu, kwa ajili ya miiba na nyoka. Chukua kijana wa kijiji anayeijua njia, mkubaliane ujira mbele ya mtu wa tatu.

Weka kikomo. Ukifika nusu ya maji yako, geuka, hata kama mto unauona uko hapo tu. Hauko hapo tu.

Na Ruvuma kwenyewe usiende kienyeji. Ule ni mpaka wa nchi, na tangu machafuko ya Cabo Delgado, ng'ambo Msumbiji, yaanze 2017 ulinzi upande wetu ni mkali. Pitia kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, uwe na kitambulisho, sema unakokwenda na saa ya kurudi. Ukikatazwa, shukuru urudi. Ukikubaliwa, kumbuka maji yale yana mamba na viboko, na kuogelea kwenye mto huo ni jambo la watu wengine.

Kurudi: ukuta unauona sasa

Siku ya pili panda gari la Masasi. Ni kama kilometa 70, na sehemu ya kushuka ndiyo yenye kazi. Ukiendesha mwenyewe, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Ukitegemea breki peke yake zitachemka, utazisikia kwa pua kabla ya mguu. Mpishe anayepanda na mzigo. Yeye akisimama hapo katikati ataondoka kwa shida.

Ukifika chini, vuka mto Mwiti, halafu simamisha gari mahali salama na ugeuke nyuma. Sasa ndio unauona uwanda ulivyo, umesimama kama kitanda kilichoinuliwa upande mmoja.

Masasi yenyewe ni nchi nyingine kabisa kwa sura. Milima ya mawe magumu imechomoza moja moja kutoka kwenye tambarare, upara mtupu, haihusiani na mchanga wa Makonde. Ni mawe ya kale zaidi sana. Mlima Mtandi uko pale mjini. Chini yake ndiko wamisionari wa Kiingereza walipoweka makazi ya watumwa walioachiwa huru mwaka 1876. Mwenye nafasi anaweza kufika Lupaso, alikozaliwa na kuzikwa Rais Benjamin Mkapa.

Kama una siku za ziada

Hifadhi za ukanda huu hazina foleni ya magari ya watalii, na hilo ni zuri na baya. Zuri kwa sababu utakuwa peke yako. Baya kwa sababu ukikwama utakuwa peke yako.

Kutoka Masasi kuelekea Nanyumbu kuna Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, linalopakana na Ruvuma. Hapo panahitaji gari la magurudumu manne, kibali na malipo kupitia namba ya kumbukumbu ya serikali, kwa hiyo anza na ofisi ya wanyamapori Masasi wala usitokee getini na noti mkononi. Wakati wa mvua liache.

Ng'ambo ya bonde la Lukuledi, upande wa Lindi, kuna Rondo, uwanda mwingine ulio ndugu na wa Makonde, ila juu yake pamebaki msitu unaohifadhiwa. Zamani Rondo ilisifika kwa mivule, na mingi ilipasuliwa mbao. Aliyebaki kuisifisha ni komba mdogo wa Rondo, uzito wake karibu gramu 60, mkia umesimama manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Ni wa usiku. Mchana utaona msitu tu, kwa hiyo panga kulala huko na uwe na tochi na mtu wa misitu.

Na anayependa bahari kuliko mawe, baada ya kurudi Mtwara ashuke Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Ni mto ule ule uliouona toka juu, huku ukimalizia kazi yake kwenye mikoko.

Masasi hadi Mtwara

Ni lami tupu, karibu kilometa 200, ukifuata bonde la Lukuledi kupitia Ndanda, Nyangao na Mtama hadi Mingoyo, ambapo barabara ya Lindi na ya Mtwara zinaachana. Ndanda simama. Wamisionari Wabenediktini wako hapo tangu 1906, kuna hospitali kubwa inayotegemewa na watu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, na nyuma yake mteremko wa uwanda umesimama na chemchemi zake. Yale maji niliyokuambia yanazama juu kwenye mchanga, hapo yanatokea. Nunua chupa, kunywa.

Ukikata tiketi ya basi Masasi, omba dirisha la kulia. Uwanda utakuwa upande huo mwanzo hadi mwisho, kwanza ukuta, baada ya Nyangao kilima, kabla ya Mingoyo mwinuko tu wenye mikorosho. Waliokaa kushoto wataangalia malori.